Vibonyeo vya Mpira wa Gofu: Pale Mkono Ulipotangulia Kalamu

Wahenga wetu walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali hii tumeizoea darasani, na aghalabu tunaifafanua kwa mifano ya nguo, nyumba au marafiki. Katika makala haya tunakusudia kuipatia mfano kutoka mahali ambapo wasomaji wetu hawakupatazamia, yaani uwanja wa gofu.

Hatukuuchagua mchezo huu kwa sababu ya umaarufu wake kwetu. Wengi miongoni mwetu hatujapata kuishika fimbo yake, na viwanja vyake katika nchi zetu ni vichache, tena vya wenye nafasi. Tumeuchagua kwa sababu mpira wake mdogo, uliojaa vishimo kama uso ulioachwa makovu na ndui, umebeba historia inayomhusu kila mwalimu. Ni historia ya watu wa kazi walioijua kweli kwa macho na mikono yao, miaka mingi kabla wataalamu hawajaweza kuieleza.

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: kwa nini mpira huo haukufanywa laini? Akili ya haraka hutuambia kwamba kitu laini hupenya hewani kwa wepesi kuliko kitu chenye mashimo. Kumbe sivyo. Mpira laini ukipigwa kwa nguvu ile ile huenda karibu nusu tu ya masafa ya mpira wenye vishimo. Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa, hatuna budi kurudi Uskoti, nchi ambayo mchezo huu ulikita mizizi.

Gofu ni mchezo wa zamani huko. Mwaka 1457 Bunge la nchi hiyo liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana waliyaacha mazoezi ya upinde na mishale yaliyohitajiwa kwa ulinzi. Amri hiyo haikuuua mchezo. Kwa muda mrefu mpira uliosifiwa kuliko yote ulikuwa wa ngozi na manyoya. Fundi alishona kifuko kidogo cha ngozi iliyoloweshwa, akakishindilia manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kisha akaufunga mshono wa mwisho. Ngozi ilipokauka ilinywea, nayo manyoya yalipokauka yalitanuka, mpira ukawa mgumu ajabu. Fundi hodari alimaliza mitatu au minne tu kwa siku, na hivyo bei yake ilikuwa kubwa. Tena uliponyeshewa mvua ulikuwa mzito, na mishono yake ikafumuka.

Mnamo mwaka 1848 ulitokea mpira wa namna nyingine. Huu ulifanywa kwa gutapecha, utomvu wa mti uotao Malaya na visiwa vya jirani. Utomvu huo hulainika katika maji ya moto, ukafinyangwa upendavyo, kisha huwa mgumu ukipoa. Ndio uliotumika pia kufunika nyaya za telegrafu za baharini katika karne ile, ukiwamo waya uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Mpira wa gutapecha ulikuwa rahisi kutengeneza, haukuogopa mvua, na ulipovunjika uliweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Watu wa kipato kidogo wakapata nao nafasi ya kucheza.

Si wote walioufurahia. Allan Robertson, fundi mashuhuri wa mipira ya manyoya mjini St Andrews, aliuona kuwa adui wa riziki yake. Inasimuliwa kwamba alifarakana na msaidizi wake, Tom Morris, baada ya kumkuta akicheza na mpira huo mpya. Mwaka 1851 Morris alihamia Prestwick, na baadaye akawa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya mchezo huo. Kwa kweli hofu ya Robertson haikuwa ya bure, kwani mpira wa manyoya ulitoweka katika muda wa miaka michache tu.

Lakini mpira mpya ulikuwa na ila yake. Ulipotoka mikononi mwa fundi ukiwa laini kama yai, uliruka kidogo tu, kisha ukainama na kuanguka mapema. Ndipo wachezaji na wabeba fimbo wao walipoona jambo la kushangaza. Mpira uliokwisha chakaa, uliojaa mikwaruzo na makovu ya fimbo, uliruka mbali zaidi na kwa unyofu zaidi kuliko mwenzake uliotoka dukani siku ile. Kipya kilikuwa kinyemi machoni, ila kidonda mchezoni.

Mafundi hawakungoja maelezo ya mtu yeyote. Walishika nyundo wakaigonga mipira mipya, wakaitia majeraha kwa makusudi kabla ya kuiuza. Baadaye walichonga kalibu zenye mistari ya kupitana, ili mpira utoke na alama zake tayari. Mwishoni mwa karne ya 19 ulienea mtindo wa vinundu vilivyotokeza nje, ukaufanya mpira ufanane na tunda la forosadi. Mwaka 1898 Mmarekani Coburn Haskell alibuni mpira uliozungushiwa ndani nyuzi za mpira zilizovutwa kwa nguvu, na juu yake ganda la gutapecha. Mpira huo ulikuwa na mruko mkubwa, na mwaka 1902 Sandy Herd alishinda nao mashindano makuu ya wazi ya Uingereza. Ganda lake nalo lilihitaji alama ili uruke vizuri.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotuletea mpira tunaoujua. Mwaka 1905 mhandisi William Taylor wa Leicester, Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza lenzi na vyombo vya vipimo, aliomba hataza ya mpira wa namna mpya. Aliugeuza mtindo wa forosadi ndani nje: mahali pa vinundu akaweka vibonyeo vya duara, vyenye kina kidogo, vilivyopangwa kwa utaratibu. Tangu hapo vibonyeo vilianza kuishinda mitindo mingine yote.

Je, wataalamu walikuwa wapi muda huo wote? Tusiwadhulumu, kwani baadhi yao walikuwa uwanjani. Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliupenda sana mchezo huu, na mwanawe Frederick alikuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na 1898. Katika miaka ya 1890 Tait alitaka kujua kwa nini mpira uliopigwa vizuri hukaa hewani muda mrefu kuliko hesabu inavyoruhusu. Alifunga utepe mrefu kwenye mpira, akaomba upigwe kwenye udongo wa mfinyanzi uliokuwa karibu, kisha akahesabu mara ngapi utepe ulijisokota. Hivyo akathibitisha kwamba mpira huzunguka upesi sana unaporuka, na kwamba mzunguko huo ndio unaoubeba. Wachezaji wengi walikuwa wakidhani kuwa mzunguko ni kosa tupu la mpigaji.

Siri ya makovu, hata hivyo, ilikuwa bado haijafumbuliwa. Mwaka 1912 Gustave Eiffel, yule mhandisi wa mnara wa Paris, alipima nguvu ya upepo juu ya matufe, akaona kwamba kasi ikifika kiwango fulani, ukinzani wa hewa hushuka ghafla badala ya kuendelea kupanda. Mwaka 1914 Ludwig Prandtl wa Göttingen, Ujerumani, alieleza sababu. Alizungusha waya mwembamba kwenye tufe laini, mbele kidogo ya kiuno chake. Mtu angedhani kwamba waya ule ungeongeza ukinzani, lakini uliupunguza. Basi tuihesabu miaka: Prandtl aliandika miaka tisa baada ya ombi la Taylor, na zaidi ya nusu karne baada ya fundi wa kwanza kuugonga mpira wake kwa nyundo.

Maelezo yenyewe si magumu. Tuwaze mtumbwi unaokatiza ziwa. Nyuma yake maji huchafuka na kuzunguka, na kadiri mchafuko huo ulivyo mpana, ndivyo mpiga kasia anavyotaabika. Mpira unaoruka nao huburuta nyuma yake mkia wa hewa iliyovurugika. Hewa inayogusana na mpira hufanya utando mwembamba juu yake. Katika mpira laini utando huo hupita kwa utulivu, lakini ni dhaifu. Ufikapo kiunoni mwa mpira hubanduka, ukaacha nyuma mkia mpana. Shinikizo la hewa ndani ya mkia huo ni dogo kuliko lile la mbele, na tofauti hiyo huuvuta mpira nyuma.

Vibonyeo huuvuruga utando ule. Hewa yenye kasi iliyo nje huchanganyika na hewa iliyochoka karibu na uso wa mpira, ikaipa nguvu mpya. Utando uliotiwa nguvu huung'ang'ania mpira mpaka umbali zaidi nyuma yake ndipo ubanduke, na mkia ukawa mwembamba. Hivyo msukosuko mdogo wa juu ya uso huzuia msukosuko mkubwa wa nyuma, na ukinzani hupungua hadi karibu nusu. Mpira laini nao ungeweza kuifikia hali hiyo, lakini kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo mkono wa binadamu huweza kuupa.

Kazi ya pili ya vibonyeo inahusiana na ule mzunguko wa Tait. Uso wa fimbo ya gofu umelala kidogo, kwa hiyo mpira hupigwa mbele huku ukizungushwa kinyumenyume: upande wake wa juu hurudi nyuma, na wa chini huenda mbele. Mpira unaozunguka hivyo huisukuma hewa kuelekea chini, na hewa nayo huunyanyua mpira juu. Vibonyeo huufanya mpira uikamate hewa vizuri zaidi. Lakini havimpendelei mtu. Mchezaji akipiga kombo, mhimili wa mzunguko huinama, na nguvu ile ile iliyokuwa iunyanyue mpira huupeleka kulia au kushoto, mpaka ukapotelea vichakani.

Kwa sababu hiyo palizuka ugomvi mwingine katika miaka ya 1970. Nchini Marekani ulitengenezwa mpira uitwao Polara, ambao vibonyeo vyake havikulingana: vile vya kuuzunguka kiuno vilikuwa na kina zaidi kuliko vya pande mbili za ncha. Ukiwekwa chini kwa mwelekeo uliotakiwa, mpira huo ulijirekebisha wenyewe hewani, ukapunguza kupinda. Shirikisho la gofu la nchi hiyo liliona kwamba sasa ustadi unahama kutoka kwa mchezaji kwenda kwa mpira, likaweka sharti kwamba mpira uruke namna moja, upande wowote utakaopigwa. Shauri likafika mahakamani, na lilimalizwa kwa mapatano mwaka 1985. Hadi leo sheria zimeweka kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, lakini hazitaji idadi ya vibonyeo. Mipira mingi ina kati ya 300 na 500, na kina cha kila kimoja ni kama robo ya milimita.

Ama kuhusu neno lenyewe, tumetumia kibonyeo, kutokana na kitenzi bonyea, kwa maana huonyesha mahali palipoingia ndani kwa kusukumwa. Kishimo nalo lafaa, ila huweza kumfanya mwanafunzi afikirie tundu lililochimbwa. Tunasikia mara kwa mara ikidaiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia. Mkia wa mtumbwi, utando, kubanduka, kung'ang'ania: maneno haya hatukuyaazima popote, na kwa hayo tumelieleza jambo lililowashinda wasomi mpaka mwaka 1914. Kilicho haba si maneno. Haba ni subira yetu ya kuyatafuta kwa wavuvi, maseremala na wahunzi wanaoyatumia kila siku.

Linabaki jambo moja linalotugusa sisi walimu. Mbeba fimbo wa St Andrews aliyesema kwamba mpira chakavu huruka mbali kuliko mpya hakuwa na cheti wala hesabu ya kumtetea. Kama angekuwa mwanafunzi wetu, huenda tungemkatiza, darasa likamcheka, na jibu lake likawekewa alama ya kosa. Hatusemi kwamba kila aonacho mtu ni kweli, kwa kuwa wachezaji wale wale walikosea kuhusu mzunguko mpaka Tait alipopima. Tunasema kwamba jambo lililoonwa na kusemwa wazi lastahili kupimwa kabla ya kukataliwa.

Kwa hiyo tunawaachia walimu wenzetu zoezi moja. Waambieni wanafunzi waende kwa fundi yeyote wa jirani, wamwulize ni jambo gani katika kazi yake analijua kuwa kweli ingawa hajawahi kuelezwa sababu yake. Waliandike kwa Kiswahili, kwa maneno ya fundi mwenyewe, kisha darasa zima lilijadili.