Muhimbili na Shahada ya Udaktari

Kabla ya Uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari kamili alifunga safari hadi Makerere, Kampala, ambako mafunzo ya tiba yalianza 1924. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ilianzisha Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam, katika hospitali iliyofunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu.

Hatua ya maana zaidi, ingawa husahaulika, ni ya 1976: kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa taasisi moja. Darasa na wodi vikawa chini ya paa moja. Anatomia hufunzwa kwa maiti iliyohifadhiwa kwa fomalini, harufu isiyobanduka upesi kwenye koti jeupe. Tiba yenyewe hufunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kutokana na kitivo hicho cha tiba, chuo kishiriki cha sayansi za afya kilizaliwa 1991, kikawa chuo kikuu kamili 2007. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali.