Kaisari na Ndege Wawindao

Nani katika vijiji vyetu asiyemjua mwewe? Huzunguka juu kimya. Mara mama mwenye kuku apiga kelele, na kifaranga mmoja hayupo. Sisi humtupia mawe na kumlaani, walakini wachache wetu wamekaa wakamtazama jinsi aifanyavyo kazi yake. Zamani alikuwako mtu mkubwa aliyewatazama ndege wa namna hii karibu maisha yake yote. Jina lake Frederick wa Pili. Alizaliwa Italia mwaka 1194, akawa mfalme wa Sisilia angali mtoto, na mwaka 1220 akavikwa taji ya Kaisari mjini Roma.

Wakuu wa Ulaya wa siku zile walipenda sana kuwinda kwa ndege. Kipanga, mwenye mabawa mafupi na mkia mrefu, hujificha mtini, kisha hutoka ghafula na kupenya katikati ya matawi. Asipoushika mzoga wake upesi, huacha. Kozi sivyo. Yeye mabawa yake ni marefu yenye ncha, naye hutaka anga wazi. Hupanda juu mno, hufunga mabawa, hujiachia kama jiwe, kwa mwendo upitao kilomita 300 kwa saa, akampiga ndege mwenziwe kwa miguu. Asipokufa kwa pigo lile, humvunja shingo kwa mdomo, ambao una jino dogo pembeni kwa kazi hiyo. Na jike ndiye mkubwa kuliko dume, ndiyo maana wawindaji walimtafuta yeye zaidi.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani kwamba mfugaji humfundisha kozi kuwinda. Kuwinda anakujua tangu kiotani. Afundishwalo ni kuuvumilia uso wa mwanadamu, ambao kwa asili yake huuogopa, na kurudi mkononi aitwapo. Kazi hii ni ya majuma mengi, ya kukesha naye usiku na kumpimia chakula: akishiba mno huenda zake, akikonda mno hana nguvu. Wafugaji wa Ulaya walikuwa wakimshona kope kwa uzi ili asitishwe na mambo ayaonayo. Frederick alijifunza kwa Waarabu kumvika kofia ndogo ya ngozi, akaisifu, wala hakuona haya kusema ameipata kwao. Tena aliwaita kwake mabingwa wa Kiarabu, na kitabu chao kimoja kikafasiriwa kwa Kilatini kwa amri yake.

Naye akaandika chake, katika sehemu sita, baada ya kuchunguza miaka karibu thelathini. Wakati ule neno la Aristotle lilikuwa kama sheria kwa wataalamu. Kaisari alimheshimu, ila alisema wazi kwamba mtu yule hakuwinda kwa ndege, ila mara chache kama aliwinda kabisa, na mengi aliyoyaandika aliyasikia tu. Watu walisema tumbusi huupata mzoga kwa kunusa. Frederick akawafunga tumbusi macho kabisa, akawaacha pua wazi, akawatupia nyama mbele yao. Hawakuitambua. Akarudia mara nyingi, mambo yakawa yale yale. Leo twajua ya kuwa katika Amerika wako tumbusi wanusao. Lakini hao hakupata kuwaona, na kwa wale aliokuwa nao alisema kweli.

Huyu mchunguzi mwenye subira, mwaka 1247 aliuzingira mji wa Parma uliomwasi. Akajenga mji wa mbao kando yake, akauita Victoria, maana yake Ushindi, kabla hajashinda! Tarehe 18 Februari 1248 akatoka na kozi zake kwenda kuwinda. Watu wa Parma, ambao njaa ilikuwa imewabana, wakafungua malango, wakaiangukia kambi, wakaichoma moto. Kaisari aliporudi, hazina imekwisha chukuliwa, na taji yake pia, na pamoja navyo kitabu chake cha ndege, kilichopambwa kwa dhahabu na fedha. Baada ya miaka mtu wa Milano alitaka kumpa mkuu mwingine kitabu hicho. Tangu hapo hakikuonekana tena.

Frederick akafa mwaka 1250. Mwanawe Manfred, ambaye naye alikuwa mpenzi wa kozi, akazikusanya karatasi za babaye zilizosalia, akaamuru kunakiliwa kitabu, na pale alipoongeza neno lake akatia alama ya kuonyesha kuwa ni lake. Mwenyewe aliuawa vitani mwaka 1266. Nakala ile ina sehemu mbili tu katika zile sita, na pembezoni mwa kurasa zake mna mamia ya ndege waliochorwa kwa rangi. Nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Vatikani.