Kutangaza na Kuwasiliana

Masika yanapofurisha Bonde la Kilombero, baadhi ya vijiji vya jirani ya Ifakara huwa kama visiwa. Sauti ya redio huvuka maji hayo. Je, wakazi wametendewa haki? Maneno yenyewe yatujibu. "Kutangaza" ni kufanya jambo litangae; msemaji mmoja hutosha. "Kuwasiliana" kuna kiambishi "-an-" cha kutendana, nacho hudai pande mbili. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, vikundi nchini kote vilisikiliza Radio Tanzania, vikajadiliana, vikachimba vyoo. Hata hivyo, Dar es Salaam ilisikika kuliko ilivyosikia. Basi watafsiri tusiyachanganye maneno haya: idhaa isiyomsikiliza mwanakijiji imetangaza tu, haijawasiliana.