Matumizi mapya ya shule zilizofungwa nchini Japani

Matumizi mapya ya shule zilizofungwa nchini Japani ni kuyapa kazi nyingine majengo na viwanja vya shule za umma zilizokosa wanafunzi, hasa kutokana na kupungua kwa watoto. Kwa kawaida shule za msingi ni mali ya manispaa, nayo ndiyo huamua. Tangu 2010 Wizara ya Elimu huziunganisha manispaa na wanaotafuta majengo.

Uamuzi huo si wa hesabu za fedha tu, kwani shule ni kimbilio wakati wa tetemeko na mahali pa wakazi kukutania. Mjini Kyoto jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1869 zilifunguliwa humo shule 64 za msingi, nyingi zikigharamiwa kwa michango ya wakazi wa mitaa. Shule mojawapo, Tatsuike, ilifungwa 1995. Tangu 2006 ni Makumbusho ya Kimataifa ya Manga, yaani vibonzo vya Kijapani.

Huko Muroto, mkoani Kochi, shule ya Shiina imekuwa nyumba ya maonyesho ya samaki tangu 2018. Bwawa la kuogelea la wanafunzi sasa hufugiwa papa na kasa.