Waliopanda Kansas City, waliovuna Oakland

Wiki hii semina yetu ya historia ya Marekani ilikuwa juu ya miaka ya 60, kila mtu achague mada yake. Wenzangu wengi wamekimbilia Kennedy na Vietnam. Mimi nikachukua besiboli. Watu walicheka darasani, lakini ngoja niwape nilichokikuta, maana humo ndani mna pesa, mna ubaguzi wa rangi, na mna mji mzima uliopigwa changa la macho.

Kwanza tuelewane neno moja. Drafti ninayoizungumzia si ile ya kusukuma kete chini ya mwembe. Ni utaratibu ambao kila mwaka timu kubwa zinapanga foleni, zile zilizofanya vibaya kwa kawaida zikiwa mbele, halafu zinachagua vijana wa sekondari na vyuo mmoja mmoja. Ukishachaguliwa, unazungumza na timu hiyo tu. Huitaki? Subiri drafti nyingine. Na ukisaini usidhani kesho utaonekana kwenye TV. Unapelekwa ligi ndogo, kwenye vimiji vya mbali, mabasi ya usiku na posho ya kubangaiza, miaka miwili, mitatu, hata sita. Wengi wanaishia hukohuko. (Drafti inahusu vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico tu. Wengine wanasaini moja kwa moja, ndiyo maana Dodgers waliweza kuwachukua vijana wawili wa Uganda mwaka 2022 bila foleni yoyote.)

Kabla ya 1965 drafti haikuwepo. Ilikuwa mnada. Mwaka 1964 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Rick Reichardt, aligombewa na timu mpaka Angels wakamchukua kwa zaidi ya dola 200,000. Matajiri wakashtuka. Wakaja na drafti, wakasema ni kwa ajili ya usawa, timu dhaifu nazo zipumue. Sawa, usawa ulikuwemo. Lakini angalieni hesabu: Juni 1965, kijana wa kwanza kabisa kuitwa kwenye drafti ya kwanza, Rick Monday wa Arizona State, alipata kama dola 100,000. Nusu ya mwenzake wa mwaka mmoja nyuma! Mimi naona hapo ndipo penye sababu yenyewe.

Aliyemwita Monday ni Kansas City Athletics, na hawa ndio mada yangu.

Athletics walihamia Kansas City kutoka Philadelphia mwaka 1955. Walikaa misimu 13, na hakuna hata mmoja waliomaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hata mmoja, jamani. Mwanzoni walikuwa kama shamba la Yankees: kijana akianza kung'aa, anapelekwa New York. Roger Maris alipelekwa Desemba 1959, na 1961 akavunja rekodi kwa kupiga mipira 61 nje ya uwanja, akiwa na jezi ya Yankees bila shaka.

Desemba 1960 timu ikanunuliwa na mfanyabiashara wa bima, Charlie Finley. Huyu bwana alikuwa kituko. Aliwavalisha wachezaji kijani na dhahabu, akafuga nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, akampa jina lake mwenyewe, Charlie O. Ila kwenye vipaji hakuwa na mchezo. Mwaka 1964, mnada ukiwa bado wazi, alimfuata Jim Hunter, mtoto wa mkulima huko North Carolina. Kaka yake Hunter alikuwa amempiga risasi mguuni kwa bahati mbaya walipokuwa wakiwinda, kidole kikaenda, na timu nyingine zikarudi nyuma. Finley akatoa dola 75,000, akambatiza Catfish, yaani kambare, na mwaka uliofuata kijana akaingia timu kubwa bila kurusha hata mpira mmoja ligi ndogo.

Halafu drafti ikaja, na kwa timu mbovu ilikuwa neema. 1965: Monday wa kwanza, Sal Bando raundi ya 6, Gene Tenace raundi ya 20. 1966 Mets ndio walioanza, wakamwita mdakaji wa sekondari, Steve Chilcott. Kansas City wakafuata, wakamwita Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega, akaacha mpira bila kuigusa ligi kuu. Jackson alipiga 563 nje ya uwanja. 1967 akaja Vida Blue wa Louisiana, raundi ya 2.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya shabiki wa Kansas City. Timu inafungwa kila wiki, lakini una majina. Unayafuata kwenye takwimu za gazeti la The Sporting News, nani anapiga vizuri huko ligi ndogo, nani kapandishwa. Ni imani ya mkulima anayeangalia miche.

Na miche yenyewe ilikuwa inapitia mambo. Mwaka 1967 Jackson alipelekwa Birmingham, Alabama, miaka minne tu baada ya bomu la kanisani lililoua wasichana wanne weusi. Juni 2024 alialikwa kwenye uwanja uleule, Rickwood Field, akasimulia kwenye TV bila kupaka sukari: hoteli zilimkataa, migahawa ilimkataa. Kocha wake, John McNamara, alikuwa akisema kama Reggie hali hapa, basi hakuna anayekula. Mwenzake Joe Rudi na mkewe walimlaza kwenye kochi lao wiki kadhaa, mpaka wakatishiwa kwamba jengo litachomwa moto. Alikuwa na miaka 21, umri wetu sisi hapa. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini kidogo.

Juni 1967 akapandishwa Kansas City. Akacheza mechi 35, akapiga mmoja tu nje ya uwanja. Mashabiki hawakujali sana, mwenye macho aliona kinachokuja.

Oktoba 1967 Finley akaruhusiwa kuhamisha timu kwenda Oakland.

Yaani akawang'oa na mizizi. Seneta wa Missouri, Stuart Symington, aliwaka, akatishia kuugusa ule upendeleo wa kisheria uliokuwa ukiilinda besiboli tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 1922. Ndipo Kansas City wakaahidiwa timu mpya, Royals, ikaanza 1969. Lakini msimu wa kwanza tu huko Oakland, 1968, walewale vijana wakashinda 82 na kupoteza 80. Mei yake Hunter akarusha mechi nzima bila hata mpinzani mmoja kufika kituo cha kwanza. 1972, 1973 na 1974 wakachukua ubingwa mara tatu mfululizo. Mchezaji bora wa fainali za 1972? Tenace, yule wa raundi ya 20.

Monday ndiye nayemsikitikia zaidi. Walimbadilisha na mrushaji wa Chicago Cubs mwishoni mwa 1971, miezi michache kabla ya karamu.

Oakland nao zamu yao ilifika. Wachezaji walipopata uhuru wa kuhama, Finley hakutaka kulipa; kufikia 1977 karibu wote walikuwa wameondoka, na 1979 timu ikafungwa mara 108. Mwaka 2024 Athletics wakaihama Oakland yenyewe.

Royals nao waliokota mtoto wa mtaani. Frank White alikulia karibu na uwanja wa zamani wa Athletics, hakuchaguliwa na yeyote kwenye drafti, akajaribiwa kwenye akademia ambayo tajiri wa Royals aliifungua Florida mwaka 1970. Mwaka 1985 alikuwa uwanjani Royals walipotwaa ubingwa wao wa kwanza.

Haya, taa za maktaba zinaanza kuzimwa, na Jumatatu nawasilisha. Anayejua kama Finley alimpeleka yule nyumbu Oakland kwa lori au kwa ndege aniambie, maana mwalimu lazima ataliuliza.