Suruali ya Sayyida Salme

Sisi wasichana wa Ibra na Sur, tukitaka kupigwa picha vile tunavyojisikia, shangazi mmoja hakosekani: "Wewe, kaa kike!" Basi mie nauliza: kike cha wapi?

Mfikirieni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Kuandika alijifunza mwenyewe kwa siri, maana wasichana walifunzwa kusoma tu. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, Al Harthi, kabila la huku kwetu Sharqiyah, walimuunga mkono. Na karani wao? Salme, wa miaka 15 tu.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata akaolewa Aden na Mjerumani, wakahamia Hamburg. Huko alipigwa picha studio kavaa vya kwao: kanzu, na chini yake suruali. Wanawake wa Hamburg siku zile walivaa magauni mapana ya kuburura; suruali kwao nguo ya mwanamume. Kwetu ni vazi la bibi mwenye heshima, na mpaka leo linatariziwa miguuni.

Nguo ileile, huku ya kike, kule ya kiume! Kwa hiyo hiyo "kike" si sheria iliyoshuka, ni mazoea ya mahali.

Picha zetu za chumbani, za kuonana wanawake wenyewe, zibaki ndani, sawa kabisa. Lakini ndani humo, shangazi, nguo na mkao niachie nichague mwenyewe.