Mchochota si maambukizi

Ukijikata kidole jikoni jioni, ukiamka asubuhi utakuta kingo za jeraha zimeinuka, ngozi ya pembeni ina joto na kidole kinapwita. Atatokea mtu aseme tayari wadudu wameingia. Kabla ya adhuhuri kapsuli kutoka duka la dawa la jirani itakuwa imefunguliwa na unga wake kumwagwa juu ya jeraha.

Mara nyingi wadudu hao wanasingiziwa. Kinachoonekana hapo ni kazi ya mwili wenyewe, na katika Kiswahili kazi hiyo imepewa majina yasiyolingana uzito: uvimbe, inflamesheni, mchochota. Nachagua la tatu.

Uvimbe ndilo jina linalotumika zaidi, nalo ndilo linalopotosha zaidi. Mwanamke akiambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, anaelewa kuna kitu kimeota. Jipu ni uvimbe, saratani nyingi nazo huanza kama uvimbe. Isitoshe, kuvimba ni dalili moja tu kati ya nne alizoziorodhesha Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Inflamesheni halikosei, ila msomaji asiyejua Kiingereza halimwambii kitu. Mchochota linatokana na kuchochota, yaani kuwasha kama pilipili, kwa hiyo lina moto ndani yake. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Ulaya nalo lilimaanisha kuwasha moto.

Katika orodha ya Celsus, sisi wenye ngozi nyeusi tuuangalie wekundu kwa tahadhari. Kwetu ngozi iliyochochotwa huweza kuiva, kung'aa au kuelekea zambarau bila wekundu wowote kuonekana. Mgongo wa kiganja ukiwekwa pembeni ya jeraha, kisha ukalinganisha na upande wa pili wa mwili, hueleza zaidi kuliko jicho.

Chanzo cha yote hayo ni mishipa midogo ya damu. Baada ya damu kuganda, seli zilizojeruhiwa na zile za ulinzi hutoa kemikali, histamini ikiwa mojawapo. Mishipa hutanuka na kuta zake huanza kuvuja: damu nyingi huleta joto, majimaji huleta uvimbe. Ndani ya saa chache chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hupenya na kuanza kumeza bakteria. Siku ya pili au ya tatu hufuata makrofaji, zenye kula mabaki na nyutrofili zilizokufa, kisha kuziita seli zinazojenga ngozi mpya. Ilya Metchnikoff aliiona tabia hii ya seli kuzingira kitu kigeni mwaka 1882 huko Messina, Sicilia, alipochoma mwiba kwenye lava wa kiti cha pwani, anayeonyesha ndani kama kioo.

Je, jeraha lingepona bila mchochota? Katika miaka ya 1970, Russell Ross na wenzake huko Marekani walijaribu kwa simbilisi. Walipoondoa nyutrofili, majeraha yasiyo na maambukizi yalipona kama kawaida. Walipoondoa makrofaji, uchafu ulibaki na ujenzi ukachelewa. Ndiyo maana anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, ambazo huzima mchochota, vidonda vyake huchelewa kufunga.

Na bakteria? Wamo katika kila jeraha lililo wazi, maana ngozi yenyewe ni makazi yao. Kuwapo kwao si ugonjwa. Mwaka 1957, Elek na Conen walionyesha huko Uingereza kwamba yalihitajika mamilioni ya bakteria aina ya stafilokoka chini ya ngozi nzima ya binadamu ili itunge usaha, lakini palipokuwa na uzi wa hariri wa kushonea, mia chache zilitosha. Kitu kigeni kilichobaki ndani, iwe uzi, kibanzi au mchanga, ndicho kinachowapa bakteria nafasi. Maji safi ya kutosha kukiondoa yana faida zaidi kuliko unga wa kapsuli. Tena wapo wakazi wanaosaidia: mwaka 2009 kundi la Richard Gallo, California, lilieleza kwamba kemikali ya bakteria mmoja wa kawaida wa ngozi, Staphylococcus epidermidis, hutuliza mchochota usizidi kipimo baada ya ngozi kuumia.

Maambukizi ni pale bakteria wanapozaliana na kuvamia nyama. Mchochota wa kawaida huwa mkali siku mbili tatu, kisha hupungua. Ukiona siku ya nne joto na maumivu vinaongezeka, uvimbe unapanda kutoka kidoleni kwenda mkononi, usaha unatoka au mwili una homa, hapo wadudu wameingia kweli, na pa kwenda ni kituo cha afya.